Tikisa Kwanza: mwongozo wa dada wa Tanga, kutoka "mambo" hadi cheti cha ndoa

Ukifika miaka 26 hujaolewa, kuna methali utakayotupiwa, na aghalabu anayeitupa ni shangazi mwenye sahani ya pilau mkononi: mchagua nazi hupata koroma. Shangazi huyo ana muda hajaenda sokoni mwenyewe. Pale Mgandini hakuna mama anayeokota nazi ya kwanza iliyo mbele yake. Huipima uzito kiganjani, huitikisa sikioni asikie maji, halafu huyakagua yale macho matatu kama yana ukungu. Dakika nzima, kwa nazi ya wali wa siku moja. Mume ni wa miaka 40, Mungu akijaalia, na huyo tunaambiwa tumchukue bila kumtikisa.

Basi huu ni mwongozo wa kutikisa. Kuanzia salamu ya kwanza mpaka kufunga ndoa, hesabu miezi tisa hadi mwaka. Unaweza kuupunguza muda huo hapa na pale, lakini vipimo vya afya na sikukuu za Idi zina kalenda yake, na mapenzi hayaisogezi kalenda.

Orodha kwanza, mapambo baadaye

Chukua karatasi. Andika mambo matatu usiyoweza kuyapunguzia bei na matano unayoweza. Usizidi hapo, orodha ya mambo ishirini ni ya mtu anayetafuta sababu ya kubaki kwao.

Kosa kubwa hapa ni kuandika sifa zisizoonekana: "awe mcha Mungu, mpole, mwenye malengo." Kila mwanamume wa Tanga ni mpole mpaka saa 2 usiku. Igeuze kila sifa iwe kitu ambacho shoga yako anaweza kukishuhudia kwa macho yake ndani ya mwezi mmoja. "Anayejali" iwe: mama yake akiumwa, nani humpeleka hospitali ya Bombo? "Mwenye malengo" iwe: taja kitu kimoja alichokianza akakimaliza, hata kama ni choo cha nyumba ya kwao. "Mkweli" iwe: alichosema Jumatatu bado kilikuwa hivyo Alhamisi? Sifa isiyogeuzika ifute.

Nyuma ya karatasi hiyo jiandike wewe. Madeni yako. Hasira zako zinachukua siku ngapi kupoa. Utaweza kukaa nyumba moja na mama mkwe? Ukewenza unaukubali, unaukataa, au utaukubali ukishindwa kuukataa? Kama una mtoto, liwe la kusemwa mapema, mkutano wa pili ukizidi sana. Mwanamume atakayekimbia kwa ajili ya mtoto afadhali akimbie nauli ikiwa bado ndogo.

Aina za nazi

Kitale ni kijana wa miaka 22 anayelala chumba cha uani kwa wazazi wake na ana miradi kumi na mmoja. Hana ubaya, hajafika tu. Ukimpenda mpe muda, usimpe mtaji.

Dafu utalikuta ufukweni Raskazone kila Jumapili. Tamu, baridi, kanzu imenyooka, nyimbo zote anazijua. Raha yake ni ya kweli kabisa na hakuna haja ya kumsema vibaya. Ila hakuna aliyewahi kupika wali kwa maji ya dafu.

Koroma ndiye tunayemwogopa, maana kwa nje ni nazi kamili. Ana miaka 35 au 40, kazi ipo, maneno ya ndoa yapo, hata jina la mtoto wa kwanza ameshalichagua. Ukimkuna, hatoi tui. Mwaka wa nne "bado tunapanga." Mji wetu una usemi wake, waja leo waondoka leo, na koroma ameufanya ratiba: anakuja leo, anaondoka leo, kesho anakuja tena.

Mbata imekauka ndani na ukiitikisa inagonga. Huyu ni bwana mwenye wajukuu anayekuambia yeye bado kijana. Tusimcheke sana, mbata ina mafuta kuliko nazi zote, na wako wanawake walioolewa na mbata kwa hesabu nzuri. Hao sehemu ya karatasi, huko mwisho, waisome mara mbili.

Nazi yenyewe haina kelele. Mara nyingi iko chini ya kikapu.

Wapi, na kwa mdomo wa nani

Harusi za watu ndiyo sehemu bora, kwa sababu kila aliyepo ana mwenyewe: "Ni wa upande gani yule?" na ukoo mzima unasimuliwa kabla sharubati haijaisha. Usimwangalie anayecheza mbele. Mwangalie anayebeba masufuria na anayehakikisha wazee wamekula. Uwanja wa mpira wa Mkwakwani nao unafaa. Kaa karibu na mshabiki wa Coastal Union siku timu imefungwa, umsikilize dakika kumi baada ya filimbi ya mwisho. Ni kipimo cha hasira kwa bei ya tiketi. Kazini, chuoni, kwaya, darsa na vikoba vinajulikana, hatuna la kuongeza.

Kinachosahaulika ni kusema. Watu wengi wanadhani umekataa kuolewa, kwa hiyo hawakuletei mtu. Waambie watatu: mama mtu mzima mwenye heshima mtaani, mwanamume aliyeoa anayekuheshimu, na shoga mmoja asiye mshindani. Waambie kwa maneno ya wazi, pamoja na yale mambo yako matatu. Ukisema "nitafutie mtu mzuri tu" utaletewa binamu yake.

Simuni, wiki mbili zinatosha

Kuandikiana kusizidi siku 14 bila kuonana. Zaidi ya hapo unapendana na kidole gumba.

Hakikisha jina. Anza kama unayemtumia pesa kwa simu kwenye namba yake, kiasi kidogo. Jina la aliyesajili laini hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, kisha katisha. Likitofautiana na alilokupa usihukumu hapo hapo, laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la kaka au mama. Muulize. Jibu la mkweli ni fupi. Jibu la dakika saba lina sura ya pili.

Akiomba pesa kabla hamjaonana, imekwisha. Gari limemharibikia Segera, pochi imeibwa Kange, mtoto wa dada kalazwa: jibu lako ni neno moja, "pole." Vivyo hivyo kwa mzungu wa mtandaoni aliyekutumia sanduku la dhahabu likakwama forodhani. Ushuru wa serikali hulipwa kwa namba ya malipo iliyotolewa na mamlaka, haulipwi kwa namba ya simu ya bwana mmoja mwenye haraka.

Kuonana mara ya kwanza

Saa 10 jioni, Bustani ya Jamhuri au popote penye watu, bahari na watoto wanaokimbia. Saa hiyo ina faida moja kubwa: magharibi inakaribia, nayo itakuondoa bila kumkosea mtu adabu. Kama ni mzuri, saa moja na nusu itakuacha na hamu. Kama ni mbaya, saa moja na nusu inavumilika.

Nenda na urudi kwa nauli yako. Asikufuate nyumbani wala asikurudishe, hata kwa bodaboda ya rafiki yake. Kwenu atakuja na mshenga. Mtumie shoga jina, namba na mahali, na mkubaliane kwamba saa 11 na robo atapiga. Ukimwita "mama mdogo" maana yake aje au aendelee kupiga. Aliyealika ndiye anayelipa, ila wewe uwe na pesa ya kulipa vyote ikibidi. Usiagize samaki mzima. Utashindana na miiba badala ya kuuliza maswali.

Angalia anavyomwita mhudumu. Angalia simu yake imelala kifudifudi au chali. Na hesabu maswali anayokuuliza kuhusu wewe. Akimaliza saa moja na nusu hajafikisha matano, hukwenda kuonana na mtu, ulikwenda kusikiliza redio.

Miezi mitatu ya kutikisa

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo dada wengi wanapolegea, maana huku ndiko kuna zawadi za leso na jina la "mpenzi."

Anza na saa za simu. Kwa wiki mbili andika saa anazopokea na saa asizopokea. Anayepatikana saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, halafu usiku "ilikuwa chaji," simu hiyo imeolewa. Anayepatikana usiku wa manane tu naye ana lake, kwani mchana yuko na nani?

Kisha msubiri Ramadhani. Hakuna mpelelezi wa kuushinda mfungo. Mwanamume asiye na mke futari yake inajulikana: kwa mama, kwa dada, kwenye sinia la msikitini, au genge la uji la mtaani, na majirani zake wanajua bakuli lake. Mwanamume anayesema yuko peke yake lakini kwa siku 29 au 30 hajawahi kusema amefuturu wapi, kuna mtu anamkunia nazi. Ukikosa Ramadhani, tumia Idi mosi. Si jioni, jioni ya Idi kila mtu anaweza kupatikana kwa saa mbili. Uliza chakula cha mchana cha Idi mosi atakula wapi, na kama unaweza kupeleka sinia la vibibi huko. Kwa Mkristo, swali hilo lihamie mchana wa Krismasi. Mume wa mtu anaweza kudanganya usiku wowote wa mwaka, ila mchana wa sikukuu ana watoto waliovaa nguo mpya wanaomngoja.

Halafu mwombe mtembee kwao. Mtaani kwake hasa, mchana, kwa miguu, na si ufukweni. Ngamiani imetusaidia sana kwa barabara zake za namba na mabaraza yake: tembeeni kutoka barabara ya nane hadi ya kumi na nne saa 10 alasiri na utakuwa umepita mbele ya wazee, wauza kahawa na kina mama wasiopungua hamsini. Sikiliza anavyokutambulisha. Akisema "huyu ni fulani, mtamzoea," vizuri. Akisema "mgeni wetu kutoka Muheza" na wewe umezaliwa Chumbageni, umeshajibiwa. Asipokutambulisha, waangalie wazee wanavyoangaliana.

Pesa huzungumzwa mwezi wa pili, mchana, mkiwa mmeshiba. Kila mmoja ataje kipato cha mwezi, kodi, madeni, na watu anaowalisha. Mtumishi wa umma akupe hati ya mshahara uisome. Makato ya mkopo wa elimu ya juu ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hayo ni ya kawaida na hayana aibu. Angalia mikopo ya benki: kwa taratibu za utumishi makato yasimwachie mtu chini ya theluthi moja ya mshahara, kwa hiyo ukikuta amebaki na theluthi hiyo hiyo, ujue theluthi mbili zilishaoa kwingine. Mfanyabiashara hana hati. Muulize anamdai nani na anadaiwa na nani, kisha muulize juu ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Mwenye mkopo wa kurejesha kila wiki akijitia hana, utamjua Ijumaa: hukaa na simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Wewe nawe sema mchezo wako wa kupeana pesa, kikoba chako, na deni la vyombo ulivyokopa.

Kabla ya posa lazima mgombane mara moja. Usiutafute ugomvi, utakuja wenyewe. Unachopima ni siku anazonuna, kama anatukana, na kama anajua neno "samahani" bila "lakini" nyuma yake. Mkono ukiinuliwa, hata kwa mzaha, hata kama haukushuka, safari imeishia hapo na nauli imepotea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mchumba ndiyo kabisa.

Mwisho wa mwezi wa tatu, uliza tarehe. Usiulize "unanipenda?", swali hilo hata koroma analijibu vizuri, tena kwa mashairi. Uliza: wazee wako watakuja nyumbani mwezi gani? Majibu yanayokubalika yana jina la mwezi ndani yake. "Mungu akipenda" huwekwa baada ya tarehe, haiwekwi mahali pa tarehe. Mpe nafasi moja ya kusogeza, kwa sababu anayoweza kuitaja: msiba, mavuno, mwezi wa ada. Ikisogezwa mara ya pili, rudisha kikapuni.

Atakayekuambia "kwani lazima karatasi? njoo tukae tu, sheria inatutambua" amesikia nusu. Kifungu cha 160 cha Sheria hiyo ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, hudhaniwa kuwa wameoana. Neno ni *hudhaniwa*. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na siku ya kupingwa ni wewe utakayetafuta majirani wa kwenda mahakamani kueleza ulimfulia nani.

Maabara

Nendeni pamoja, siku moja, majibu msikilizane mkiwa pamoja. Anayetaka kwenda peke yake na kukuletea karatasi, karatasi hiyo ni ya nani?

Kipimo cha VVU hurudiwa baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha haraka. Ndiyo maana tumesema kalenda haisogei. Homa ya ini aina ya B nayo ipimwe; asiye nayo anaweza kuchanjwa dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Basi anza mapema, si wiki ya harusi.

La tatu husahaulika na ndilo huliza: selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtu anaweza kubeba chembe moja ya urithi ya ugonjwa huu, kutoka kwa mzazi mmoja, maisha yake yote bila kuumwa. Wawili wenye kubeba wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kila mimba, si mtoto wa nne peke yake. Watu wengi hukosea hapo na kudhani wakishapata mgonjwa mmoja wamemaliza zamu. Ulizia hospitali kubwa au maabara yenye kipimo cha aina ya himoglobini. Majibu yakiwa mabaya, uamuzi ni wenu. Kazi ya kipimo ni kwamba msiamue gizani.

Posa na mahari

Posa huja kwa mshenga na watu wazima wachache, watatu hadi watano. Wakija kumi na watano hiyo ni harusi imekosea tarehe. Barua itaje nani anamposa nani, wa ukoo gani, na iombe jibu. Jibu hutolewa baada ya wiki moja au mbili hata kama nyumba nzima imeshaanza kuchagua sare. Heshima ya mwari ni kusubiriwa. Barua ihifadhiwe, na bahasha zilizokuja nayo ziandikwe kwenye daftari: kiasi, jina lake, na nani kapokea. Kifungua mlango, kishika uchumba, na majina mengine yote, maana Wadigo, Wabondei, Wasambaa na Wazigua kila mmoja ana lake. Daftari si ubahili. Uchumba ukivunjika, kifungu cha 71 cha Sheria ya Ndoa kinaruhusu mtu kudai zawadi alizotoa kwa sharti la ndoa, na asiye na daftari hudaiwa kwa kumbukumbu ya mwenzake.

Sasa mahari. Kwa Muislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba, si ya mjomba, si ya kamati ya ukumbi. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni desturi, na vina heshima yake, lakini viandikwe mstari wao. Mwambie mama au somo wako, yaani kungwi, kiasi unachotaka *kabla* wanaume hawajakaa. Wakishakaa, baba mdogo aliyechelewa kufika ataongeza laki mbili ili ajulikane naye alikuwepo.

Si lazima iwe pesa tupu. Cherehani, dhahabu, kiwanja, Msahafu, vyote vimeolewa navyo. Inaweza kugawanywa, sehemu taslimu na sehemu iliyobaki deni. Ile ya deni itajwe kwa tarakimu na kuandikwa, kwani ni deni kweli: mume akifariki, hulipwa kutoka mali aliyoacha kabla ya warithi kugawana. "Tutaelewana mbele ya safari" haihesabiwi na kadhi yeyote.

Na usitaje kiasi kitakachompeleka kausha damu. Anakopa, anatoa, mnaoana, na kuanzia Jumatatu mnairejesha mahari yako wote wawili, kwa riba. Kisheria ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijatolewa au haijaisha, kwa hiyo hakuna haja ya kukomoana.

Hina, piko na singo

Tutapita haraka, somo wako anajua zaidi. Hina ya majani hukaa mkononi saa sita hadi nane na rangi huendelea kukolea kwa siku moja au mbili baada ya kubanduliwa. Ipakwe siku mbili kabla. Piko nyeusi ni jambo lingine: mara nyingi ni rangi ya nywele, na wapo inaowachoma mpaka malengelenge. Ijaribu kidogo nyuma ya sikio, usubiri saa 48. Bibi harusi mwenye mikono iliyovimba hawezi hata kuvaa pete.

Singo, ile ya kusugua mwili, ikiwa na karafuu nyingi huwasha ngozi laini. Liwa na maji ya marashi viwe vingi, karafuu kidogo tu. Anza siku saba kabla, uache siku moja kabla ili ngozi itulie. Na krimu za kung'arisha ulizouziwa kwenye kicheni pati zibaki kwenye mfuko wake, kwani bwana alimposa yule wa mwanzo.

Karatasi

Taarifa ya kusudio la kuoana hutolewa siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, kwa msajili au mfungishaji. Muda huo ni wa watu kuweka pingamizi, na mke aliyepo ni mmoja wa wanaoruhusiwa kupinga. Anayesisitiza mfunge ndoa kimya kimya wikiendi hii ana sababu, na huenda sababu hiyo ina watoto watatu. Makanisani matangazo hufanya kazi hiyo hiyo; kaa uyasikilize.

Muulize mfungishaji, shehe, padri au msajili wa wilaya, kama ana leseni ya kufungisha ndoa. Si utovu wa adabu, uliza kwa shikamoo. Mashahidi wawe wawili angalau, wa miaka 18 au zaidi. Ridhaa ni yako, kwa mdomo wako, na ikiwa umelazimishwa pale ndipo pa kusema.

Kisha lile la ukewenza. Sheria inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo. Ya Kiislamu hudhaniwa kuwa ya aina ya pili mpaka ithibitishwe vinginevyo; ya kikanisa ni ya mke mmoja, na aliye ndani yake hawezi kuongeza. Kwa hiyo mkubaliane mapema. Ahadi ya "mimi nikishakupata wewe basi" haionekani popote kwenye cheti. Anayeolewa na mbata aulize pia kama kuna mke wa kwanza, kama kuna talaka na hati yake, na nyumba anayopelekwa ni ya nani. Aliyewahi kuolewa naye awe na hati yake mkononi na eda imekwisha: miezi minne na siku kumi kwa mjane, twahara tatu au hedhi tatu kwa aliyeachwa, kutegemea madhehebu.

Ukishaingia ndani, weka risiti. Kazi ya nyumbani huhesabika kama mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Lakini risiti ya mabati yenye jina lako huongea haraka kuliko miaka kumi ya kupika. Na nyumba mnayoishi haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja wenu bila ridhaa ya mwenzake, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa.

Siku ya ndoa, kabla ya picha, kabla hujakumbatiwa na shangazi na pilau lake, shika cheti ukisome. Majina yote matatu yawe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi: Mwanaidi si Mwana Idi, Athumani si Othman. Tazama tarehe, aina ya ndoa, sahihi za mashahidi. Kosa likiwepo lirekebishwe hapo hapo mfungishaji akiwa bado na kalamu, maana ukija kulikuta kwenye bima ya afya au kwenye mirathi utazunguka ofisi nne. Hakikisha ndoa imefika kwa msajili, kisha piga picha cheti pande zote mbili umtumie mama. Nakala ngumu moja ikae kwao, ndani ya sanduku la khanga.